Misukule wa Mahameni

Nilipokuwa mtoto niliwahi kuvunja mkutano wa kijiji kwa mayowe. "Msukule! Msukule analima mahameni!" Nilikuwa nimekatiza kwenye nyumba zetu za zamani, tulizoziacha tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nikaona kitu kimejaa matope, nyasi kichwani, kinalima. Wanaume wakaenda na marungu. Wakarudi na bibi yangu.

Nimetembea nchi nyingi. Ujinga uliozidi ule sijaufanya, ingawa nimejitahidi.

Bibi alikuwa amebadilika. Kila asubuhi aliuliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Mama yangu, bintiye wa kumzaa, Bibi alimkaribisha kama mgeni.

Sasa balozi wa nyumba kumi akasimama, akamkabili mama yangu. Kule mahameni, akasema, wamekuta ntumba, yale matuta yetu ya mviringo yanayofukiwa nyasi ndani, yamepangika ajabu.

"Mama Deo, ajuza asiyemjua hata mwanawe analimaje vile? Analimiwa na misukule. Aondoke kijijini."

"Aende wapi?"

"Huko huko, kwa watu wake."

Bibi alikuwa akijipangusa matope, anatabasamu, anadhani tumekuja kumsaidia kulima.

Miaka mingi baadaye, katika nchi ya baridi nilikokwenda kubeba maboksi, daktari mmoja niliyemsimulia habari za Bibi alinichorea seli ya ubongo. Ina matawi, akasema, yanayopelekeana habari na seli jirani. Katika ugonjwa ule wa kusahau wa uzeeni nyuzi za ndani husokotana, matawi hunyauka, seli hufa. Mara nyingi huanzia panapopokea mambo mapya. Kazi ambayo mikono imeizoea hutunzwa kwingine, ikadumu. Nikacheka, nikalia, mbele ya watu. Kumbe kijiji kipya hakikuwahi kuingia kichwani mwa Bibi. Nyumbani kwake kulibaki kulekule, na jembe lilijua njia.

Kwa hiyo wanaoniambia hadi leo, "Lakini bibi yenu, bwana, alikuwa nao misukule," nawajibu wazi: hapana. Alikuwa mgonjwa, na mgonjwa yule alilima vizuri kuliko ninyi. Wakinuna, wanune.

Mama hakuwa na mchoro wa daktari siku ile. Alimfunga Bibi kitenge, akamshika mkono, akamgeukia balozi mbele ya kijiji kizima.

"Haendi popote. Kesho nakwenda kulima naye. Ukiona misukule wawili, ni sisi."