Vibati vya Morris ya Papa

Mtaani kwetu siku hizi kuna fundi wa masufuria. Kila asubuhi anatoboa bati kwa msumari na nyundo ndogo, tok, tok, tok, na kila asubuhi mimi naacha chai yangu ipoe. Watoto wangu wanadhani kelele zinanikera. Wanakosea. Nikisikia mlio ule nanusa mafuta ya taa, grisi kuukuu na kutu, na roho yangu inatulia kama ya mtu aliyeshiba. Nitawaeleza kwa nini, ila msinitazamie huruma, maana sina nyingi.

Tulikuwa Likasi, mji wa shaba wa Katanga, kusini mwa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Papa, ndivyo tulivyomwita baba na kila mwanamume wa rika lake, alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na kiwanda kilikuwa kinakufa: mshahara ukaja nusu, kisha ukaja sabuni, kisha haukuja kabisa. Walimu nao wakakaa kwao, shule ikafungwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nashinda uani nikigombana na dada zangu. Ndipo Papa akaleta Morris.

Ilikuwa gari ya Waingereza, usukani kulia. Mzungu fulani aliileta zamani kutoka Rhodesia akaiacha misheni ya Kapolowe, na kuku wa masista wakataga ndani yake miaka na miaka. Papa aliwatengenezea masista mashine yao ya kusaga, nao wakampa gari. Mama alipoiona ikishushwa alishika kiuno.

"Umeleta nyumba ya kuku," akasema. "Na kuku yenyewe iko wapi?"

Papa alitaka iwe teksi kati ya Likasi na Kapolowe, tupate kula. Mwenzake katika shauri hilo alikuwa Papa Mwape, jirani yetu wa ukuta mmoja, mtunza ghala kiwandani. Alikuwa na shemeji Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ambako Morris zilikuwa zimebaki nyingi. Papa alitambua kipuri, Papa Mwape akaenda kukitafuta. Alikula kwetu mara nyingi kuliko kwake.

Kutambua ndiyo kazi yenyewe. Gari ile ilipimwa kwa inchi, na spana zetu zote zilikuwa ama kubwa kidogo ama ndogo kidogo. Papa akifungua kitu alikiosha kwa mafuta ya taa, akakipima, kisha akawaza ni wapi hapa Katanga kingepatikana cha kufanana nacho. Beringi ya pampu tuliiokota kwenye lundo la vyuma chakavu. Ngoma ya breki tuliikuta ziwani Tshangalele, mvuvi ameifanya nanga ya mtumbwi wake. Papa alimpa sufuria ya Mama tukachukua ngoma, na Mama hakusema naye siku mbili. Kifuniko cha gurudumu kilikuwa Kapolowe, mama mmoja anapakulia bukari, ugali wetu, humo, na ilibidi tungoje wanawe wamalize kula. Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nyuma nimekumbatia vyuma.

Kazi yangu ilikuwa vibati. Papa alikata vipande vya makopo ya samaki, mimi nikatoboa herufi kwa msumari: jina la kipuri, namba yake, kushoto au kulia. Kisha nilifunga kibati kwa waya wa shaba na kuweka kipuri ndani ya kopo la maziwa.

"Weye ndiye akili ya gari," Papa aliniambia. "Minye niko mikono tu."

Nilivimba kichwa, sikatai. Alinifundisha bieli nne, zile fimbo za chuma zinazoshika pistoni: kila moja ina kofia yake, na ukiivisha kofia ya mwenzake injini itajikaba. Pini za magurudumu ya mbele pia, ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia. Papa Mwape alivipenda sana vibati vyangu. Alikuwa mtu wa ghala. Kwake kitu kisicho na kibati hakikuwa kitu.

Sisi ni watu wa Kasai. Babu aliletwa Likasi na kampuni kuchimba shaba, Papa akazaliwa hapo, nami vilevile. Ghafla tukaambiwa ni wageni, turudi kwetu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba, na asubuhi walipofika kwetu, mbele yao alikuwa Papa Mwape. Hakushika fimbo. Alionyesha tu mlango wetu kwa kidevu. Tulipewa saa moja. Mama alipokuwa akifunga magodoro, Papa Mwape aliingia kibandani mwa gari, injini ikiwa bado vipande vipande, akakaa kwenye kigoda cha Papa, akaanza kuhesabu makopo.

"Kwa gari usisumbuke, ndugu yangu," akamwambia Papa. "Ile haiwezi kupanda mu train."

Kisha akatoka kutafuta mkokoteni. Nikaingia mimi. Vidole vyangu vilijua kila fundo la waya, maana nililifunga mwenyewe. Bieli ya kwanza nikaipa kibati cha tatu, kofia ya pili nikaipa cha nne, na pini nikazibadilisha pande. Nilifanya polepole, bila chozi hata moja, na nikakaza kila waya vizuri. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Tulikaa stesheni wiki nyingi tukingoja treni, tukilala juu ya saruji. Mdogo wangu Kazadi, wa miaka miwili, alikufa pale kwa kuhara. Nyumba ya Papa Mwape ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na hakuleta hata bidoni moja ya maji. Nilimchukia nikiwa nimekaa na nikiwa nimelala, na kitu pekee kilichonipa nguvu ni kuzifikiria zile bieli.

Ndani ya treni nikamwambia Papa nilichofanya.

"Uligeuza vibati tu? Vyuma haukuvikwaruza?"

"Vibati tu, Papa."

"Basi, bien," akasema, akafunga macho. Iliniuma. Nilikuwa nimetazamia sifa.

Papa alifia Mwene-Ditu, huko Kasai, bila kushika spana tena. Mimi nilirudi Likasi nikiwa mama wa watoto watatu, kuhudhuria harusi ya rafiki wa utotoni, nikaenda kwa Papa Mwape kwa makusudi. Morris ilikuwa uani kwake, juu ya matofali, na makopo yangu yamepangwa ukutani. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina ukungu. Alinitambua, wala hakuona haya.

"Niliifunga mara tatu," akasema. "Mara tatu injini ilikufa. Nilienda mpaka Kitwe na pini mu mukono, nikarudi na ya upande mubaya. Nusu ya maisha yangu iko mu ile gari. Baba yako alikuwa muntu mubaya, Ngalula. Alituachia uongo."

Damu ilinipanda. Miaka yote nilikuwa nikiifurahia kazi yangu, kumbe lawama zilimwangukia Papa.

"Haikuwa Papa," nikamwambia. "Vibati niliandika minye, na niligeuza minye, siku ile ulienda kutafuta mkokoteni."

Alikaa chini polepole. Aliposema tena, sauti haikuwa na hasira.

"Basi nionyeshe sasa. Niko muzee. Nisikie tu inawaka mara moja."

Nilichukua bieli moja koponi. Ilikuwa imepakwa grisi nzito isishike kutu. Kidole gumba kikateleza ubavuni mwake kikagusa vishimo vidogo, vimegongwa kwa ncha ya chuma: kimoja, viwili, vitatu. Nikapapasa kofia, kopo kwa kopo, hadi nikaipata yenye vitatu. Papa alikuwa ameweka alama kwenye chuma chenyewe, tangu mwanzo. Hakuhitaji kibati hata kimoja, wala hakuhitaji akili yangu. Shule ilikuwa imefungwa, mtoto wake anashinda bure, akambunia kazi. Na mtu wa ghala, miaka yote ile, alisoma vibati tu, hakufuta grisi akatazama.

Papa Mwape alikuwa ananingoja. Ningemwambia neno moja tu: futa. Nilimkumbuka Kazadi juu ya saruji.

"Nimesahau," nikasema. "Nilikuwa mutoto."

Nikapaka grisi tena juu ya vile vishimo, nikairudisha bieli ndani ya kopo, nikamuaga kwa heshima kama Mama alivyonifundisha.