Karanga Alizonyimwa Mnunuzi

Malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yamekwisha zoeleka Chilangala wakati baba alipoanza kuumwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Lulindi. Nilipokwenda nyumbani likizo nilimkuta mabega yamekwisha, tumbo limejaa, macho yamegeuka manjano. Alicheka aliponiona nalia. "Mwalimu mzima," akasema.

Tulimpeleka hospitali ya misheni upande wa Masasi. Daktari akamgusa chini ya mbavu za kulia, kisha akatuita pembeni mimi na mama. Ni saratani ya ini, akasema, na imeshakua sana. Akauliza kama baba alikuwa mnywaji. Mama alikaribia kukasirika; baba alikuwa mtu wa msikitini, pombe hakuwahi kuionja. Ndipo daktari akauliza tunakula nini.

"Ugali. Kisamvu cha karanga," mama akajibu.

"Karanga za namna gani?"

Mama alinitazama, kisha akamweleza. Kwetu tangu zamani karanga nzuri zilikuwa za kuuza, na malori yalipokuja mambo yakazidi, maana wanunuzi walizimwaga chini na kuchambua moja moja. Zilizokataliwa zilirudi jikoni: zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizoota kuvu. Tulizitwanga tukaungia mboga. Kila nyumba ilifanya hivyo, na uchungu wake tuliufunika kwa chumvi.

Daktari alisema kuvu lile lina sumu inayodhuru ini polepole, miaka na miaka, na kwamba kuosha wala kupika hakuiondoi. Alisema pia kuna virusi vya ini, na vikikutana na sumu hiyo hatari inakuwa kubwa zaidi. "Siwezi kukuapia, mama, kwamba ndizo zilizomletea mumeo ugonjwa," akasema. "Lakini wewe na watoto msizile tena."

Baba alifariki kabla ya mvua. Matangani watu walikwisha kusema amerogwa, wakamtaja hata mrogaji. Siku ya kupika chakula cha hitima, wifi yake mama alileta kikapu cha karanga. Mama akachota kiganja, akazinusa, akakichukua kikapu kizima na kukimwaga kwenye shimo la choo. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi hewani.

Baba mkubwa, kaka yake marehemu, aliitwa kutoka barazani.

"Mama Mwalimu, umepatwa na nini? Unatupa chakula msibani?"

"Nimetupa sumu, shemeji."

"Babu zetu walikula hizi hizi. Kuvu limemuua nani?"

"Babu zetu walizikwa bila kupimwa," mama akasema. "Mimi mume wangu amepimwa. Kwangu hazitapikwa tena. Atakayeona njaa, kuna mchicha."

Tulikula wali kwa mchicha. Wengine waliondoka wakinuna. Niliogopa watamtenga, nikamwambia aombe radhi. Aliniuliza nani ameniita kwenye shauri hilo.

Msimu uliofuata nilikuwepo alipovuna. Alianika karanga juu ya mkeka, akakataza mtu kuzirundika zikiwa mbichi, na zilipokauka akachambua mwenyewe. Zilizonona akazitia kwanza kwenye mtungi wa nyumbani. Kilichobaki ndicho kilichokwenda kwenye lori.

Mnunuzi akaushangaa mfuko. "Mama, mwaka huu hukulima?"

"Nimelima. Nyingine nitakula."

"Utakula daraja la kwanza?" Vijana wake wakacheka.

"Kwani hao unaowapelekea wana maini gani, na mimi nina ini gani?"

Mnunuzi akamwambia basi amuuzie hata zile mbovu, mjini kuna mashine, zikisagwa nani atajua. Mama akasimama. "Nisichothubutu kula simuuzii mwenzangu," akasema, na mbovu zote akazichoma pale pale nyuma ya nyumba, moshi ukiwafuata mpaka kwenye lori lao. Mwaka ule tulikosa sabuni mara nyingi, na nguo za sikukuu hazikununuliwa. Nilimtumia nilichoweza kutoka Lulindi.

Wifi yake ndiye aliyekuja wa kwanza. Alikaa mkekani, akavuta ungo, akaanza kuchambua pamoja naye. Kisha wakaja jirani wawili watatu. Si kijiji kizima. Wengi waliona mama amechanganyikiwa kwa msiba, na njaa ya masika haina hiari, hilo hata yeye alilijua. Wenye njaa hakuwalaumu. Aliwagawia.

Baba mkubwa hakukubali. Mpaka anazeeka alisema ndugu yake alirogwa. Ila kila tulipopika kisamvu alitokea uani, fimbo mkononi, akabisha hodi kama mgeni.

"Karibu, shemeji," mama alimwambia, akimsogezea bakuli. "Kula. Hizi nilimnyima tajiri."