Chupa ya Mama na Mimea Yangu

Nyumbani kwangu ughaibuni, Walthamstow, nilipanda mimea inayonasa nzi katika mabeseni makubwa uani. Niliinywesha maji ya mvua tu, maana mengine huiua. Baridi ilipoingia ikasinyaa, kama kawaida yake. Mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Unguja, akadhani inakufa. Akaimiminia chupa yake ya maji ya Zamzam, yale aliyotoka nayo hija.

Mtu mzima miye, nilimfokea mbele ya wanangu: "Umeniulia mimea yangu!" Akafunga kizibo, akaingia ndani.

Wala haikufa. Mwaka uliofuata mama ndiye aliyekuwa mahututi, hata kumeza hawezi, nami nikaenda Unguja. Dada yangu akanipa ile chupa. Kumbe mama aliiweka kwa saa yake ya mwisho. Nilipoiinamisha mdomoni mwake yalitoka matone mawili. Mengine yote alinipa mimi, nami nikamfokea.