Mwaka Aliokuja Mwalimu Kibiwott

Katika shule ya wasichana iliyo kando ya barabara ya kwenda Malava, muziki ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Mwalimu Jescah Musimbi. Vikombe vyote vilivyopangwa nyuma ya kiti cha mwalimu mkuu ni yeye aliyevileta. Alifundisha somo la Dini, lakini hakuna aliyemjua kwa Dini. Walimjua kwa kwaya, kwa nyimbo za Kikabrasi alizorithi kwa mamake na shangazi zake, na kwa lile jicho lake ambalo likimwangukia msichana aliyekosea sauti, msichana hutamani ardhi ipasuke immeze.

Januari akaletwa Mwalimu Kibiwott kufundisha Kiswahili. Alikuwa kijana mrefu wa kutoka pande za Lugari, mpole, mwenye mazoea ya kuketi juu ya dawati akizungumza na wanafunzi. Hakuwa hata amejua njia zote za shule alipoomba kufufua drama, ambayo hapo ilikuwa imekufa na kuzikwa. Mwalimu mkuu akamtangaza kwenye paredi, akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wasichana wakapiga makofi na vigelegele. Jescah naye akapiga makofi, ila akajiuliza kimoyomoyo mwenyeji aliyekuwa mgonjwa ni nani.

Kilichomuuma si makofi. Ni Swafia. Mtoto huyu wa Mumias, sasa kidato cha tatu, alifika shuleni akiwa hawezi hata kuitikia jina lake kwa sauti. Jescah ndiye aliyemsikia akiimba huku akifua sare, akamfunza kupumua, akamfunza kufungua kinywa bila haya, mpaka akawa mwimbishaji wa kwaya. Sasa Kibiwott alimpa nafasi kuu katika mchezo wake, nafasi ya mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Kuanzia hapo Swafia akawa anafika mazoezi ya kwaya amechelewa, anaomba radhi kwa adabu, uso umenawiri kwa furaha ambayo Jescah hakukumbuka kuiona alipoimba kwaya. Jioni vicheko vilitoka bwaloni walikofanyia drama vikaingia chumba cha muziki, na safu nzima ya sauti ya tatu ikapoteza mpigo kwa kutega masikio. Jescah akawarudisha mwanzo wa wimbo, tena na tena, hata wakachoka.

Siku moja Kibiwott alimjia katika chumba cha walimu. Hakuketi mpaka alipokaribishwa. Akaeleza kwamba mjane anapotupiwa vyombo nje anapaswa kuomboleza, na yeye nyimbo za huku hazijui.

"Bila wewe, Madam," alisema, "pale mahali patabaki maneno tu."

Jescah akampa wimbo mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Hilo hakuweza kujizuia; wimbo mbaya ungemwaibisha mwenyewe. Lakini alipozikaza nyuzi za litungu, ala ya kienyeji iliyokuwa imwanzishie Swafia sauti, alizikaza kupita kiasi. Alijua sauti ya mtoto yule inaishia wapi kama anavyojua kizingiti cha nyumba yake. Alijua pia kuwa Ramadhani imeingia na koo la msichana hushinda kavu. Akamwambia Kibiwott kwamba maombolezo ya Kikabrasi huimbwa juu ili yasikike ng'ambo ya mto. Kibiwott akashukuru, akalibeba litungu kwa mikono miwili.

Tamasha za kanda zilifanyika mjini Kakamega, na Jescah akaenda pamoja na walimu wengine kutazama. Vyombo vya mjane vikatupwa jukwaani, litungu likalia, Swafia akaanza. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukayumba. Wa tatu sauti ikavunjika kama bua kavu, na Jescah akasikia kifuani mwake kitu cha moto ambacho, kwa muda mfupi, kilikuwa furaha tupu.

Swafia hakukimbia. Alipiga magoti katikati ya sufuria na mablanketi, akanyamaza, kisha akaumalizia wimbo kwa kunong'ona, machozi yakimtiririka. Mwanamke aliyeketi karibu na Jescah akajifuta macho kwa leso. Baadaye jaji alisema hajaona mwelekezi aliyethubutu kuivunja sauti ya mhusika mahali panapostahili namna ile. Kombe likaenda kwa Kibiwott, na tiketi ya tamasha za kitaifa pia.

Jescah alirudi nyumbani na uchungu mara mbili. Mchongoma alioupanda yeye umemzalia mwenzake matunda. Na kundi liliporudi kutoka kitaifa, Swafia akiwa na tuzo ya mwigizaji bora, ngoma za isukuti za kwaya zilitolewa stoo kwenda kuwapokea langoni, wala hakuna aliyekumbuka kumwomba Jescah ruhusa.

Muhula wa pili ukawa zamu ya muziki. Kibiwott akajitolea kusaidia mpangilio wa jukwaani. Jescah akamjibu kwamba kwaya haijapotea njia. Akawakaza wasichana kuliko mwaka wowote. Ndipo Swafia alipobaki nyuma baada ya mazoezi, akaomba aimbe pamoja na wengine tu, uimbishaji apewe mtu mwingine.

Jescah alimuuliza kama ni Mwalimu Kibiwott aliyemtuma.

"La, Madam. Yeye hajui." Swafia aliinamisha kichwa, akichezea ncha ya mtandio wake. "Ule wimbo wa mjane ulikuwa juu. Nikadhani utanishushia, maana wewe ndiye unanijua. Nikangoja uniambie."

Jescah alifungua kinywa aseme maombolezo huimbwa juu. Akaliacha jibu hilo. Nje wasichana walikuwa wakibeba sahani kwenda kula obusuma, ule ugali wa huku, na sukuma wiki, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakutega sikio kujua wanacheka nini.

"Nilitaka ushindwe ukiwa kwake," alisema mwishowe, "ndipo urudi kwangu."

Swafia alimtazama, akatazama chini tena. Hakulia wala hakumlaumu. Alisema ataimba na wengine, akaaga, akaenda.

Mwimbishaji mpya alikuwa na sauti nzuri tu, si zaidi. Kwenye kanda kwaya ikashika nafasi ya pili, na mwaka huo haikuvuka kwenda kitaifa. Kibiwott, aliyekuwa safu ya nyuma, alipiga makofi kuliko wazazi. Jescah alijikuta akiwachungulia wasichana aone wangapi wamegeuka kumtazama Kibiwott. Wengi waligeuka.

Muhula wa tatu, ratiba ya mwaka uliofuata ilipopangwa, alimkuta Kibiwott peke yake katika chumba cha walimu akisahihisha insha. Akaketi mkabala naye. Akamweleza juu ya litungu, bila kupunguza. Kibiwott aliweka kalamu chini.

"Nilijua limekazwa," akasema Kibiwott. "Nililisikia mazoezini. Nikaogopa kukukosoa, nikamwacha mtoto apande nalo jukwaani. Hapo na mimi sijui nijiite nani."

Jescah hakutarajia hilo, wala halikumfariji. Alimwambia wivu haujamtoka, asije akadhani umetoka, na kwamba Jumanne na Alhamisi wasichana wote ni wa kwaya. Kibiwott akaomba Alhamisi wagawane. Wakabishana juu ya hiyo Alhamisi hadi kengele ya chai ikalia, na Jescah akampa nusu saa ya mwisho. Kisha wakatoka pamoja kumtafuta Swafia wamwombe radhi, Jescah akitangulia.