Hakusema "Nakuja"

Mama alikuja Nairobi kunichukua. Hakuja kunisalimia wala kuniuliza. Alifika kwangu Kambi Muru, Kibera, siku ya Alhamisi, na kabla hajamaliza chai akatangaza kwamba basi ya Busia inaondoka Jumapili asubuhi na mimi nitakuwa ndani.

Betri ya gari ilikuwa imenilipukia usoni mwaka uliotangulia, kwenye gereji ya jua kali huko Kawangware nilikokuwa fundi. Macho yote mawili yakaenda. Ushago, kule kijijini kwetu Busia, mama alisema, kuna kivuli, na kuna watu wa kuniletea chakula. Nikamuuliza, mama, mimi hata miaka thelathini sijafika, niletewe chakula mpaka lini? Akasema mpaka Mungu atakapoamua. Ai! Nilikasirika nikanyamaza, maana mama yangu habishiwi akiwa na njaa.

Alipokwisha kula nikamwambia, "Siwezi kusafiri tu hivyo. Jumamosi nina mechi."

"Mechi ya nini?"

"Ya mpira."

Akaanza kulia. Alidhani akili nayo imeenda.

Nilikuwa nimecheza miezi kadhaa tayari. Fundi mmoja wa viatu kutoka Riruta, kipofu tangu utotoni, alinisikia nje ya kanisa nikijisikitikia. Akaniambia, "Boss, wacha kelele. Miguu unayo?" Ndivyo nilivyoingia. Mpira wetu ulikuwa wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kamba, na ndani yake kopo lenye visoda, vile vizibo vya chupa za soda, ili ulie ukibingirika. Waliobaki na mwanga kidogo walifungwa kitambaa machoni, tuwe sawa. Golikipa peke yake ndiye aliyeona. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa moja: ukimwendea mwenye mpira, sema "nakuja!" kwa sauti. Usiposema ni faulo, kwa sababu asiyekusikia atakula kichwa chako. Siku ya kwanza nililamba vumbi mpaka nikatukana, kisha nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu. Sikuwa nimecheka tangu ile betri.

Yote haya nilimweleza mama Ijumaa kutwa. Alikuwa akichambua mboga za sukuma. Mimi nikaapa moyoni kwamba basi hiyo sipandi, hata wanibebe.

Jumamosi timu ya Kawangware ikaja kwetu Kibera, na yule fundi wa viatu akiwa beki wao. Refa akawaonya mashabiki: kimya, mkipiga kelele wachezaji hawasikii mpira. Hebu fikiria watu wa Kibera kunyamaza kwenye mpira! Nilisikia mtu akikohoa kwa kujizuia. Mama alikuwa amesimama karibu na kibanda cha samaki, mimi nilijua kwa sababu alikuwa akisali kwa sauti ndogo.

Kipindi cha pili nikaupata mpira. Nikaenda nao, visoda vikilia miguuni, nikampita mmoja aliyesema "nakuja," nikampita mwingine. Mbele yangu kulikuwa kimya, nikajua njia iko wazi. Halafu bega likanipiga kifuani, nikaanguka chali, damu mdomoni. Uwanja mzima ukasema "Woi!"

Nikasikia ndara za mama zikija mbio. Nikajisemea, kwisha mimi. Ataniinua mbele ya watu wote, anipanguse uso, na kesho Busia. Nilikuwa na hasira nusura nilie.

Ndara zikanipita.

"Refa!" mama akapaza sauti. "Kwani wewe ndiye kipofu? Huyu mwanamume hakusema nakuja! Nimesikiliza na masikio yangu mawili, hakusema!"

"Mama, toka uwanjani."

"Sitoki! Mpe mtoto haki yake!"

Watu wakaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho nikasikia sauti ya fundi wa viatu, ya mtu aliyekamatwa: "Mathe anasema ukweli. Nilisahau." Kusahau gani! Yule alikuwa mjanja kuliko sisi wote.

Refa akatoa penalti. Mwenzetu mmoja anayeona, asiye mchezaji, akasimama nyuma ya goli, akagonga mlingoti wa kushoto kwa jiwe, kisha wa kulia, nijue goli liko wapi. Kimya kikarudi. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapaa, visoda vikatua juu ya mabati ya kibanda cha samaki.

Jumapili nilimsindikiza mama mpaka steji, mkono wangu begani mwake. Hakutaja nguo zangu za safari, nami sikumkumbusha. Tangu nipofuke watu walikuwa wakinisifu kwa kila kitu, hata nikifunga vifungo vya shati. Makanga akaanza kuita abiria.

"Ile penalti uliipiga vibaya," mama akasema.

"Ni upepo, mama."

"Upepo gani? Ulipiga kama mtu anayefukuza kuku. Fanya mazoezi."

Akapanda basi peke yake.