Mashine Aliizima kwa Mkono Wake

Kwa wiki saba niliosha kreti za samaki kwa sababu ya kosa la mtu mwingine, na mpaka leo sijamsamehe.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa kompyuta katika kiwanda kidogo cha kugandisha mbuta, yaani sangara wa ziwani, Homa Bay. Kompyuta ile ilirekodi baridi ya vyumba vya barafu. Mhandisi aliyeletwa kutoka Nairobi akaingiza ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wenyewe, msimbo wa kufuatilia kila programu inafanya nini. Yeye akiifungua ripoti yake asubuhi, programu zikiwa bado zinaendelea, inasomeka vizuri. Mimi nikiifungua baada ya chakula cha mchana, mashine inaganda na rekodi zinapotea.

"Mama, kompyuta si sufuria," aliniambia mbele ya wafanyakazi. "Wewe unagusagusa tu."

Wakacheka. Kesho yake nikapewa gambuti na brashi. Mashine nayo ikaacha kuganda, maana hakuna mwingine aliyeifungua ripoti mchana. Hilo likawa ushahidi dhidi yangu.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikinakili msimbo kwenye disketi kila Ijumaa, na nakala moja ilibaki mkobani. Kila Jumamosi nilikwenda kwetu Migori, ambako chuo kimoja cha kupiga taipu kiliniruhusu kutumia kompyuta yao. Nilisoma mstari kwa mstari, vidole vikinuka samaki. Jumamosi ya tano nikaona. Badala ya kunakili jina la programu, msimbo wake ulihifadhi pointa tu, anwani ya mahali jina lilipokaa kwenye kumbukumbu. Programu ikiisha, mahali pale panapewa kitu kingine. Anayesoma mapema anakuta jina. Anayechelewa anakuta takataka, na kerneli inaanguka.

Sikutaka kusema "nadhani". Jumamosi iliyofuata niliandika programu fupi ya kupitia kila mstari unaochapisha ripoti na kuuliza: hiki kilinakiliwa, au ni anwani tu? Ikanitolea mistari kumi na mmoja.

Ningeweza kumwambia mhandisi Jumatatu. Sikumwambia. Nilingoja Alhamisi, siku ambayo mwenye kiwanda, mzee wa Kiislamu kutoka Mombasa tuliyemwita Hajji, alikuja kukagua baada ya chakula cha mchana.

"Hajji," nikasema, gambuti zikichuruzika maji, "naomba mhandisi aifungue ripoti ya asubuhi sasa hivi. Mimi sitagusa kitu."

"Hakuna haja," mhandisi akasema.

"Ifungue, bwana," Hajji akamwambia.

Akabonyeza. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena na tena. Hakuna aliyecheka, nami nilitaka sana wacheke. Nikatoa karatasi yangu, nikaisoma mistari yote kumi na mmoja kwa sauti, polepole, hata baada ya Hajji kusema, "Basi, binti yangu, nimeelewa."

Mhandisi alirudishwa Nairobi wiki ileile. Tulikutana langoni.

"Mbona hukuniambia tukiwa wawili?"

"Wewe uliniambia tukiwa wawili?"

Nilirudishiwa kiti changu, nikarekebisha mistari yake yote. Mwezi uliofuata niliandika msimbo wangu mwenyewe wa ufuatiliaji, nikaupitisha kwenye ile programu yangu fupi ya kukagua. Ikakamata pointa mbili za hatari, zangu mimi. Nilifunga mlango, nikazirekebisha, na sikumwambia mtu.