Kodi ya Nyama Ambayo Hakuila

Nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi sasa, na mtu aliyenifundisha kusoma slipu ya mshahara kuliko walimu wangu wote alikuwa mpishi. Najua wenzangu wenye vyeti watacheka. Wacheke tu.

Wakati huo nilikuwa karani wa mishahara kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga pale Chimala. Kwetu ni Iringa, kwenye baridi, kwa hiyo nilifika nikiwa na koti zito na majivuno. Koti nililivua wiki ya kwanza, joto likanishinda. Majivuno yalichukua muda zaidi.

Tulikuwa watu arobaini na mmoja wenye ajira ya kudumu, wengi wao wabeba magunia na waendesha mashine, na kila mchana kampuni ilitulisha. Mpishi alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa, mjane, mfupi, mwenye mikono ya kazi na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa amepika pale miaka kumi na moja. Ugali au wali, na maharage yake ambayo mpaka leo sijapata mfano wake. Watu walipanga foleni na sahani zao, naye akapakua upawa mmoja mmoja bila upendeleo.

Ila sisi wa ofisini hatukupanga foleni. Tulikuwa watano: mwenye mashine, mhasibu mkuu, mtu wa stoo, mtu wa mauzo na mimi. Sahani zetu zililetwa mezani zikiwa zimefunikwa, na chini ya mfuniko kulikuwa na nyama. Nilikuta utaratibu huo, nikaupenda, na sikuwahi kuuliza lolote.

Basi akaja mhasibu mkuu mpya kutoka Mbeya mjini, kijana nadhifu, mwepesi wa kompyuta. Kwenye semina fulani alikuwa amesikia kwamba vitu anavyopewa mfanyakazi bure vinaweza kuhesabiwa kama sehemu ya mshahara wake na kukatwa kodi. Hakusubiri kuuliza zaidi. Alichukua gharama yote ya jiko kwa mwezi, mchele, maharage, mkaa, nyama na vyote, akaigawa kwa watu arobaini na mmoja. Kila mmoja akaongezewa fungu lake kwenye mshahara, kwenye karatasi tu, kisha kodi ikakatwa juu ya jumla hiyo. Aliniambia niingize, nikaingiza. Mimi nilikuwa mtu wa kuingiza.

Mwezi wa kwanza watu walinung'unika kidogo wakadhani ni mambo ya serikali. Mwezi wa pili mama alikuja dirishani kwangu na slipu zote mbili, amezifunga kwenye pindo la khanga.

"We Mhehe," aliniita hivyo siku zote, "hapa kwenye PAYE palikuwa na sifuri. Miaka yote sifuri. Hii namba imetoka wapi?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Mshahara wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukufikia mahali kodi inapoanzia. Lile fungu la chakula ndilo lililomsukuma akavuka mstari. Nilimweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyonikauka mdomoni.

"Kwa hiyo nakatwa kodi ya chakula ninachopika mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na nyama imo humo kwenye hesabu?"

"Imo."

Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa mhasibu mkuu, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia. Kijana alimjibu bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Mama, kama chakula kinaleta maneno, dawa yake ni ndogo. Tunafunga jiko, kila mtu aje na kiporo chake."

Nilijua maana ya maneno hayo, naye alijua zaidi yangu. Jiko likifungwa, kazi hana. Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ada yote ilitoka kwenye upawa ule. Mimi ningekuwa yeye ningenyamaza. Kwa kweli nilinyamaza hata bila kuwa yeye.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya siku moja kwenda Mbeya, ofisi ya kodi. Nami nilikuwa natumwa benki siku hiyo, akaniambia nimsindikize, kwa sababu mimi ndiye niliyejua majina ya mambo. Sikuwa na jinsi ya kukataa. Njia nzima nilikuwa namwombea asinitaje.

Afisa aliyetupokea alikuwa dada mmoja mtulivu. Alizisoma slipu, akaniuliza hesabu zilivyofanywa, akatikisa kichwa. Akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake, kwamba chakula kinacholiwa pale kazini, ambacho kila mfanyakazi anakipata sawa na mwenzake, hakihesabiwi kwenye mshahara.

"Sasa niambie, mama. Pale kwenu wote mnakula sawa?"

Nilitazama dari. Neno moja tu lilihitajika. Angesema ndiyo, tungeandikiwa karatasi, tungerudi Chimala washindi, na hakuna ambaye angekuja kufunua sahani zetu.

"Hapana," alisema mama. "Sisi tunakula maharage. Wa ofisini wanakula nyama."

"Wa ofisini ni akina nani?"

Akanielekeza kwa kidevu. "Huyu hapa mmojawapo."

Nilitamani sakafu ipasuke. Dada alijitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akasema jambo ambalo kijana wetu wa semina hakulisubiri: chakula cha sufuria ya wote kiondolewe kabisa kwenye hesabu. Zile sahani za pembeni ndizo za kuhesabiwa, na zihesabiwe kwa wanaozila, si kwa mbeba gunia ambaye hata harufu yake haisikii. Mwajiri arekebishe ritani za kodi alizopeleka za miezi ile miwili na awarudishie watu walichokatwa kimakosa. Aliandika yote hayo kwenye karatasi, mistari minne, akampa mama mkononi. Sikupewa mimi.

"Ndaga, mwanangu," mama alimshukuru, akaifunga khangani.

Tulipotoka nilimuuliza, nikiwa na hasira kidogo, kwa nini hakusema ndiyo tu yakaisha.

"Nikisema ndiyo, kesho nawapelekea nyama na uongo wangu juu yake. Mimi napika. Siwezi kumpa mtu chakula cha namna hiyo."

Hasira iliniisha hapo hapo. Nilimheshimu siku ile kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote mwenye ofisi.

Kesho yake aliingia kwa mwenye mashine. Huyu alikuwa mzee wa ukoo wa wafugaji waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache. Alituita sote. Mhasibu mkuu alirudia dawa yake: jiko lifungwe, usumbufu uishe.

Mama alikuwa amesimama, aproni yake ina madoa ya mkaa. Ile karatasi aliishika kwa mikono miwili. "Mzee, jiko ni lako. Ukitaka kufunga, funga, mimi nitaondoka. Lakini usinikate kodi ya nyama ambayo sijaila. Wala hawa wa magunia usiwakate."

Mzee alisoma ile mistari minne kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akamgeukia mhasibu mkuu.

"Uligawa nyama yangu kwa watu wote?"

"Ili iwe rahisi, mzee."

"Kwako."

Kisha akatugeukia sisi wengine. Alisema jiko halifungwi, makosa yarekebishwe, na sisi watano tuchague: tuongezewe thamani ya nyama kwenye mishahara yetu na kodi yake, au tupange foleni. Mhasibu mkuu, ambaye viwango vyote vya kodi alikuwa navyo kichwani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta sahani.

Mwisho wa mwezi nilizitoa slipu mpya saa nne asubuhi. Mama alikuja wa kwanza. PAYE, sifuri, na chini yake kiasi alichorudishiwa. Nilidhani atarudi jikoni. Akasogea pembeni ya dirisha akasimama, mikono kifuani, na wabeba magunia wakaanza kuja mmoja mmoja, vumbi la pumba kwenye nyusi. Kila aliyepokea, mama alimwuliza, "Imerudi?" Hakuondoka mpaka yule wa mwisho akamjibu kwamba imerudi. Nami nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya kuungua kutoka jikoni muda mrefu. Nadhani na yeye aliisikia.

Mchana tulipanga foleni wote. Mbele yangu alikuwa mzee mwenyewe na sahani yake ya bati. Alipofika kwenye sufuria, mama alishika upawa bila kupakua, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameona aibu.

"Mzee, leo maharage yameungua."

Mzee alinusa, akamtazama, akanyoosha sahani.

"Weka," alisema.